Cheti cha Kijani

Mafundi ndio waliompachika jina la Kijani, na hawakumpa kwa heshima. Walimpa siku ile alipoingia kwenye eneo la ujenzi na kofia ngumu mpya isiyo na hata mkwaruzo, akawakusanya karibu na mashine ya kuchanganyia zege, akawaambia kwamba kuanzia sasa mifuko ya saruji, vipande vya mbao, vyuma na chupa za plastiki havitatupwa tena pamoja. Kila kitu kina pipa lake. Fundi mmoja wa kupiga lipu akauliza, kwa unyenyekevu wa kujifanya, yeye mwenyewe akichakaa atupwe kwenye pipa gani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye naye akacheka, kisha akamjibu: lile la vitu vinavyoweza kutumika tena. Tangu hapo wakamkubali, na jina likaganda.

Jengo lilikuwa hosteli ya wanafunzi ya ghorofa tano, kwenye mteremko, juu ya bonde lenye kijito chembamba. Mwenye jengo alikuwa daktari mstaafu, mzee wa maneno machache na magoti mabovu. Alitaka hosteli yake ipate cheti cha jengo la kijani, kile kinachotolewa kwa majengo yanayotumia umeme kidogo, yasiyofuja maji, na yasiyowamwagia majirani uchafu. Hakukitaka kwa mapambo tu. Benki iliyomkopesha ilikuwa imemwekea sharti hilo, na tarehe yake.

Mkandarasi alikuwa dada yake Kijani, wa baba mmoja mama mmoja.

Kwa Kijani, dada huyo alikuwa zaidi ya dada. Baba yao alifariki Kijani akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Mama alikuwa kutwa yuko kazini, na dada ndiye aliyemsuka nywele, aliyemsindikiza shule, aliyekwenda kwenye vikao vya wazazi akiwa amevaa viatu vya mama vya kisigino, amejaza vitambaa kwenye ncha za viatu visimtoke, ili walimu wamwone mtu mzima. Alipokua akaingia kwenye ujenzi. Watu walimwambia kazi ile si ya mwanamke. Akaanza na vyoo na kuta za uzio, akapanda taratibu mpaka akawa na kampuni na malori yenye jina lake. Mafundi walimwita Mkuu, na hapo hapakuwa na utani.

Kijani alikuwa amesomea mambo ya mazingira na alikuwa na kazi yake nzuri ofisini. Dada alimpigia simu siku moja akamwambia, "Nina hosteli inataka cheti. Sitaki mgeni. Nakutaka wewe." Kijani aliacha kazi bila hata kuuliza masharti. Angeulizaje? Ni kama mtu kuitwa nyumbani.

Akajitosa mzima mzima. Alipigania madirisha yakae upande usiopigwa na jua la mchana, na juu ya kila dirisha akataka kibao cha zege cha kulitupia kivuli. Alibishana na msanifu juu ya rangi ya paa mpaka ikawa nyeupe. Alipanda ngazi za jukwaa kuhakikisha paneli za sola zimeelekezwa sawasawa. Lakini kitu kilichomkaa moyoni kuliko vyote kilikuwa maji. Chini ya hosteli, ndani ya chemba kubwa ya zege, kungekuwa na mtambo: maji machafu ya mabafu na vyoo yashuke humo, yachujwe, yasafishwe, kisha yapande tena kusukuma vyoo na kumwagilia bustani. Hakuna tone ambalo lingekwenda bondeni. Alimweleza habari hiyo kila aliyekuwa na masikio. Alimweleza mama yao, wakiwa jikoni, na mama akasema kwamba maji hayo basi yana bahati, yanapelekwa shule na kurudishwa nyumbani, wakati yeye aliishia darasa la nne.

Kulikuwa na watu wasioutaka mradi. Bondeni, kando ya kijito, palikuwa na nyumba chache na kitalu cha miche cha mwanamke mmoja wa makamo, mjane, mkavu wa maneno. Kila mtu alimwita Mama Miche. Yeye na majirani zake walikuwa wameshaona majengo mengine yakipandishwa juu ya vichwa vyao na kujua yanachoteremsha. Walikuwa tayari kwenda kupinga kwa mamlaka. Mwenye jengo akaingiwa na wasiwasi, na dada akasema, "Mwacheni mdogo wangu aende."

Kijani akaenda. Hakwenda mara moja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya mistari ya miche, akachora mtambo kwenye vumbi kwa kijiti, akajibu maswali, akarudi kesho yake na majibu ya maswali aliyoshindwa. Mwishowe Mama Miche akamuuliza nani atawahakikishia.

"Nakuahidi mimi, mama. Hata tone moja la maji machafu halitashuka hapa."

"Na wewe ni nani kwenye jengo lile?"

"Anayejenga ni dada yangu."

Mama Miche akamtazama kwa muda, mikono yake imejaa udongo. "Kama ni dada yako, sawa mwanangu. Nimekusikia."

Yeye mwenyewe ndiye aliyewatuliza majirani baada ya hapo. Na bustani ya hosteli ilipofika wakati wake, miche yote ilitoka kwake: vichaka vigumu visivyodai maji mengi, ambavyo alivipandisha mlimani kwa mkokoteni akisimama kila hatua kadhaa kuvifunika majani mabichi visichomwe na jua.

Mtambo ulikuja juu ya lori, umezungushiwa karatasi za nailoni kama zawadi. Kijani aliushuhudia ukiteremshwa chembani kwa winchi, akapiga picha, akamtumia mama. Baada ya hapo dada alimwambia aachane na mambo ya chini. Huko kuna mafundi wenye kazi yao, alisema, watakupaka matope bure. Wewe shughulika na madirisha na karatasi za cheti, muda umetubana. Kijani aliona ni huruma ya dada. Hata alipouliza mtambo unaendeleaje, alijibiwa kwa tabasamu kwamba unakwenda vizuri kuliko yeye, kwa sababu wenyewe unalala.

Siku ya ukaguzi ilifika. Mkaguzi alikuwa mtu wa pole pole, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kutazama chochote na kugusa kila alichokitazama. Alipapasa kuta kama daktari anayetafuta jipu. Alipanda juu ya paa, akashuka, akahesabu taa, akafungua mapipa ya taka. Hakusifu, hakulaumu. Walipofika nyuma ya jengo, palipokuwa na koki ya maji yaliyosafishwa, dada alirudi nyuma hatua moja akasema, "Acha mdogo wangu afungue. Kazi hii ni yake."

Kijani alifungua. Maji yakatoka maangavu, yakimeta. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kwamba yuko kazini; akayakinga kwa viganja viwili, akanawa uso mbele ya mkaguzi, akageuka huku matone yanamtiririka kidevuni. Mkaguzi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akajaza kichupa chake, na baada ya kicheko kile hakuomba tena afunguliwe chemba. Kijani akamwonyesha kitalu kule chini, akamsimulia habari za Mama Miche na ahadi aliyompa. Mkaguzi alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Cheti kilitoka. Kibao cha chuma chenye mchoro wa jani kikapigwa skrubu kando ya mlango mkubwa, na mafundi wakampigia Kijani makofi kuliko walivyompigia mwenye jengo. Dada alimkumbatia kwa nguvu, akamnong'oneza sikioni kwamba bila yeye wasingekipata kabisa.

Wanafunzi wakahamia. Hosteli ikajaa kelele, nguo zikaanikwa, muziki ukavuma kutoka ghorofa hadi ghorofa. Kijani alikuwa ameshaanza kusaidia kwenye kazi nyingine ya dada, upande wa pili wa mji, Mama Miche alipompigia simu. Hakueleza kitu. Alisema tu, "Njoo."

Harufu ilimpokea kabla hajafika. Kijito kilikuwa na povu la sabuni kwenye kingo, na maji yenyewe yalikuwa ya kijivu, mazito. Mistari ya miche iliyokuwa karibu na maji ilikuwa imegeuka manjano, mingine imelala. Mama Miche hakupiga kelele. Alimshika mkono akampeleka mpaka ukingoni.

"Inama," alisema.

Kijani akainama.

"Haya, niambie binti. Hili ni lile tone lako?"

Neno lile "binti", badala ya "mwanangu", lilimchoma kuliko harufu. Alisema lazima kuna bomba limepasuka, akaomba radhi, akapanda mlima mbio mbio, viatu vimejaa tope. Njiani alikuwa akimwonea huruma dada yake: baada ya kazi yote ile, bomba linapasuka. Alimwomba mlinzi wa hosteli amsaidie kuinua mfuniko wa chemba kwa mtaimbo, akawasha taa ya simu, akashuka ngazi za chuma.

Mtambo ulikuwepo. Nailoni pia ilikuwepo, imezungushwa vile vile kama siku ulipoteremshwa, imekusanya vumbi. Nyaya za umeme zilikuwa zimeviringishwa na kufungwa kwa kamba, hazijawahi kugusa swichi. Maji machafu yalikuwa yakiteremka kutoka juu kwa kishindo ndani ya bomba nene, bomba hilo likauzunguka mtambo kwa adabu, likatoboa ukuta, likaelekea bondeni. Hakuna kilichopasuka. Kila kiungo kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa mkono wa fundi mwenye kujua kazi. Na kule juu, kwenye kona, palikuwa na kibomba chembamba kilichotoka kwenye maji ya kawaida ya mji, yale yale ya mabomba ya mabafuni, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye koki ya nyuma ya jengo.

Alisimama pale mkono wake ukiwa juu ya nailoni. Hakulia. Aliona tu uso unamwasha, sehemu zile zile alizozinawa mbele ya mkaguzi, kama mtu aliyepakwa pilipili.

Alijua pa kumpata dada. Ilikuwa siku yake ya kwenda kwa mama, na alimkuta sebuleni amesimama juu ya stuli, bisibisi mdomoni, akirekebisha fimbo ya pazia. Mama alikuwa uani akianua nguo.

"Dada, mtambo haujawahi kuwashwa."

Dada hakugeuka. Alitoa bisibisi mdomoni. "Nani alikwambia ushuke huko?"

Kwa swali hilo Kijani alijua yote. Njia nzima alikuwa ameomba dada ashtuke, akasirike, awatukane mafundi, aseme nimechezewa. Kumbe hakuna aliyemchezea.

Dada aliteremka, akafunga mlango wa uani ili mama asisikie, akaeleza kwa sauti ya kazini, sauti ya mtu anayemweleza mteja. Mtambo ulikuja na kifaa kimoja kibovu. Aliyewauzia alisema kingine kitachukua miezi. Tarehe ya benki ilikuwa imefika mlangoni. Cheti kikichelewa mkopo unasimama, mafundi hawalipwi, kampuni inazikwa. Akaamua kupitisha ukaguzi kwanza, arekebishe baadaye. Halafu kazi mpya ikaja, ikameza watu na kila kitu, na hiyo baadaye ikasogezwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningemwambia mkaguzi asubiri."

"Unaona." Dada akakaa kwenye mkono wa kochi. "Wewe hujui kudanganya. Tangu mdogo, ukisema uongo unakohoa. Yule bwana angekusoma kabla hujaigusa koki. Lakini ukisema jambo unaloliamini, hakuna anayeweza kukukatalia. Hata wale wa bondeni ulivyowageuza, nani mwingine angeweza?"

"Kwa hiyo ulinichukua kwa sababu hiyo?"

Dada aligeuzageuza bisibisi. Hakuwa mtu wa kuficha jambo likishaulizwa waziwazi. "Nilikuchukua kwa sababu wewe ni mdogo wangu," alisema. "Na kwa sababu hiyo pia."

Kama angempiga kofi ingekuwa afadhali. Kijani alianza kuyapitia maneno yake yote moja baada ya jingine, michoro ya vumbini, ahadi, hotuba zake kwa mafundi, na kila neno aliliona limeshikwa na mkono mwingine nyuma yake. Imani yake, kitu alichodhani ni chake mwenyewe, ilikuwa kifaa cha ujenzi. Ilikuwa imetumika kama jukwaa la mafundi, na jengo likishasimama jukwaa hubomolewa.

Dada alimshika mashavu kwa mikono miwili, vile alivyokuwa akimshika zamani kabla ya kumwingiza darasani. Akamwomba ampe nafasi. Kifaa kitaletwa, mtambo utawashwa, kijito kitasafika, na hakuna mtu atakayejua wala kuumia. Aliapa kwa kaburi la baba yao.

Kijani alikubali. Tusimlaumu upesi, aliyemshika mashavu ndiye aliyemlea. Alirudi bondeni akamwambia Mama Miche kwamba hitilafu imeonekana na inashughulikiwa, na hakukohoa, kwa sababu bado alikuwa anaamini.

Wiki zikapita, kisha nyingine. Kila alipouliza, dada alikuwa na jibu: kifaa kiko bandarini, kifaa kimekwama kwenye ushuru, fundi wake anaumwa. Kijani alishuka chembani mara ya pili akakuta vumbi juu ya nailoni limeongezeka. Bondeni, watoto wa nyumba za kijitoni walianza kutokwa na vipele miguuni. Mama Miche hakumpigia simu tena. Aliwachukua majirani zake, wakapanda mlima, wakaenda moja kwa moja kwa mwenye jengo.

Mzee aliitisha kikao katika ukumbi wa kulia chakula wa hosteli. Walikaa kwenye viti vya plastiki vya wanafunzi, majirani upande mmoja, mkandarasi na watu wake upande wa pili. Kijani alikuja akiwa ameshaamua. Usingizi haukumpata, na kukicha alikuwa amejiambia kwamba dada ni dada. Alikuwa amekuja kusema uongo. Angesema mtambo uliharibika baada ya ukaguzi, kwamba ni bahati mbaya, kwamba utatengenezwa. Alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo mbele ya kioo mpaka kikohozi kikamwisha.

Hakupata nafasi ya kulisema. Dada alisimama kwanza. Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi, na alizungumza kwa upole uliowanyamazisha hata waliokuja na hasira. Alisema amesikitishwa mno. Kisha akasema, "Katika mradi huu mambo yote ya mazingira, pamoja na haya ya maji, yalikuwa chini ya mdogo wangu. Ana moyo mzuri, kila mtu anajua. Lakini bado ni mchanga katika kazi hii, na mengine yalimzidi nguvu. Mimi kama dada yake naomba radhi kwa niaba yake."

Akaweka mkono begani kwa Kijani.

Ukumbi mzima ulimgeukia. Mama Miche alimtazama bila mshangao wowote, kama mtu anayeona mche alioushuku tangu mwanzo. Mkono wa dada ulikuwa na joto, ulikuwa unampapasa taratibu kwa kidole gumba, kumtuliza. Kijani aliukodolea macho mkono ule. Kusalitiwa kwa mara ya kwanza alikuwa amekutafutia sababu: benki, mafundi, kampuni, hofu. Hili la pili hakulipatia. Alikuwa amekuja kujichafua kwa ajili yake, na dada hakungoja hata ajichafue mwenyewe.

Akauondoa mkono ule begani mwake, pole pole, kama mtu anayemwondoa mdudu asiyetaka kumwua. Akasimama.

"Twendeni chini," alisema.

Dada alimwita kwa jina lake la nyumbani. Hakugeuka. Mlinzi alileta mtaimbo. Mzee mwenye jengo, pamoja na magoti yake, alikataa kubaki juu; walimshika makwapa wakamteremsha ngazi moja moja, na Mama Miche akafuata, amepandisha gauni lake na kulifunga kiunoni. Kijani aliwamulikia nailoni, nyaya zilizofungwa, bomba nene, kibomba chembamba. Hakueleza mengi. Vitu vyenyewe vilijieleza.

"Aliyefungua koki siku ya ukaguzi ni mimi," alisema. "Aliyewaahidi ni mimi, hata mara ya pili, wakati nimeshayaona haya. Hilo ni langu. Lakini bomba hili sikulipitisha mimi, na siku ile ya koki sikulijua."

Maji yalikuwa yakishuka ndani ya bomba kwa kishindo. Juu, wanafunzi walikuwa wanaoga.

Walipotoka chembani, gari la dada halikuwepo. Kijani alimpigia mkaguzi pale pale, mbele ya watu wote, akamweleza tangu mwanzo hadi mwisho.

"Ulinawa uso," mkaguzi alisema. "Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimedanganywa sana. Pale nilikuamini kwa sababu ulinawa uso."

"Najua," Kijani alijibu.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Mkaguzi alikuja na wenzake, wakapima, wakaandika, na kibao chenye jani kikafunguliwa skrubu. Ukutani pakabaki matundu manne na mraba wa rangi mpya. Mzee aliajiri kampuni nyingine kuuwasha mtambo, na gharama ikamrudia dada pamoja na kesi. Malori yaliuzwa, moja baada ya jingine, jina limefutwa ubavuni. Kijani naye alisimamishwa na wenye kutoa vyeti, asishughulikie tena cheti cha jengo lolote, kwa kuwa sahihi yake ilikuwa miongoni mwa zilizothibitisha jengo lile. Aliitwa kujitetea. Alikwenda, akakubali kila kitu kilichokuwa chake, akarudi nyumbani.

Mafundi waligawanyika. Wengine walimlaani, kwa sababu kazi zao ziliondoka na malori. Yule mpiga lipu mcheshi alikutana naye nje ya duka, akavuka upande wa pili wa barabara. Hilo lilimuuma kuliko barua ya kusimamishwa.

Aliyeumia bila kelele alikuwa mama. Alijua baadaye, vipande vipande, kutoka kwa kila binti kwa wakati wake. Jioni moja, wakimenya njegere, alimwambia Kijani, "Ungekuja kwangu kwanza."

"Ningekuja ungefanya nini, mama?"

Mama alimenya ganda moja, akalitupa, akamenya jingine. "Ningelia," alisema. "Halafu sijui."

Kijito kilichukua muda wake kusafika. Kijani alikuwa anakwenda kitaluni asubuhi kusaidia kujaza udongo kwenye mifuko ya miche, bila kuitwa na bila kufukuzwa. Mama Miche alimwonyesha namna ya kushindilia udongo, alimkaripia akikosea, na siku nyingine walifanya kazi mpaka mchana bila neno. Hakumwita tena mwanangu. Alikuwa akimwita kwa jina lake, kama anavyomwita mteja, na Kijani aliona hiyo ni haki yake.

Yeye na dada walionana kwa mama, baada ya miezi kadhaa. Hawakupanga, kila mmoja alidhani mwenzake hayupo. Dada alikuwa amekonda, na kwenye viganja vyake palikuwa na sugu mpya. Alikuwa amerudi kujenga kuta za uzio. Mama aliingia chumbani akakawia huko kwa makusudi, mtu angeweza kumsikia akifungua na kufunga kabati tupu.

"Ungeningoja kidogo tu," dada alisema. "Kifaa kilikuwa kinakuja. Kweli kilikuwa kinakuja."

"Labda."

"Wewe umetupa kila kitu."

"Nilikuwa nimekuja kukusitiri, dada. Siku ile ya kikao. Nilikuwa na maneno tayari."

Dada aliinua uso. Hilo hakulijua. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesema kweli tupu, "Mimi nilikuwa nakutetea. Nilijua wewe watakusamehe. Mimi wasingenisamehe."

Kijani alimtazama sana. Alitafuta ujanja kwenye uso ule aliouzoea kuliko wake mwenyewe, na hakuuona. Dada aliamini alichokisema. Tangu wakiwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa akiamua mdogo wake abebe nini na asibebe nini, na hata siku ile alikuwa ameamua tu, kama siku zote. Kijani alitamani aone uongo. Uongo angejua pa kuuweka.

Mama alitoka chumbani, akaweka sahani tatu mezani bila kumwuliza yeyote kama anakaa. Walikaa. Walikula. Mama alizungumzia presha yake, na dawa mpya zinazomlegeza miguu, na kwamba alitakiwa kurudi hospitali siku ya Jumatano asubuhi na anahitaji mtu wa kumsindikiza.

"Nitakuja," walisema wote wawili kwa pamoja.

Mama aliwatazama, kijiko hewani, usoni mwake mna tumaini lililomfanya aonekane mtoto. Dada alikunywa maji, akafuta mdomo, akainuka na kutafuta mkoba wake.

"Mpeleke wewe," alimwambia Kijani. "Mimi Jumatano nina ukuta."

Akaaga, akatoka. Kijani alikusanya vyombo, akavipeleka jikoni, akamwuliza mama karatasi za hospitali ziko wapi.